Chembe Inayochoka Mapema

Jumapili, 4 Agosti
Kanisani, kisha foleni ya salamu. Ukitoka mlangoni unawashika mkono waliotangulia, mmoja mmoja, halafu unajipanga mwisho usalimiwe na wanaofuata. Kibirichia nzima imesimama pale. Kila mmoja: "Bado unasoma tu?" Nimefika mwisho sina hata nguvu ya kutabasamu.

Jioni, laptopu. Tasnifu yangu ni swali moja: chembe nzito yenye chaji ikipita ndani ya plazma, ile gesi iliyochemka hadi elektroni zikang'oka kwenye atomu, inapoteza nguvu vipi na inasimama wapi? Vipimo vya maabara vinasema mbali. Hesabu yangu inasema karibu. Tena!

Jumatatu, 5 Agosti
Kuvuna viazi, mgongo umekufa. Msimamizi wangu amepiga simu: hesabu isipokubaliana na vipimo kufikia Ijumaa, chuo kinanifuta. Aliongea kwa upole. Afadhali angefoka.

Mama huwaambia vibarua wote "pole na kazi". Mimi nikiwa kwa laptopu ananipita tu. Kwake huku ni kukaa. Inauma.

Jumanne, 6 Agosti
Mvua. Stima imepotea mchana kutwa. Nimepitia kila mstari kwa karatasi. Sioni kosa. Nimelia jikoni, moshi ukanisaidia kuficha.

Jumatano, 7 Agosti
Mama kanituma Kangeta, nimpelekee mama mdogo viazi vya hoteli yake. Nimefika saa ya magari ya miraa kuondoka, yawahi wanunuzi kabla majani hayajanyauka. Wallahi, watu wanakimbia! Nimekatiza soko lote na gunia mgongoni, hakuna aliyenishika mkono. Wananigusa, wameshaenda. Nimefika sijachoka.

Nikasimama mlangoni kwa mama mdogo kama mjinga. Hiyo foleni ya kanisa! Ndiyo niliyoiweka ndani ya hesabu. Elektroni zangu zimesimama zikingoja salamu, kila moja inainyang'anya chembe nguvu kidogo. Lakini plazma ni moto. Elektroni zinakimbia kuliko chembe yenyewe, hazipati nafasi ya kuivuta sawasawa. Moto ukizidi, mvuto unapungua. Chuoni nimefundisha wanafunzi kwa mfano huo huo wa foleni ya kanisa na kujisifu. Aibu.

Alhamisi, 8 Agosti
Nimezipa elektroni mwendo wa joto lao. Chembe imeenda mbali. Imesimama pale pale penye vipimo. Nimeangalia mara mbili. Sina hata nguvu ya kufurahi.

Ijumaa, 9 Agosti
Nimetuma. Nimelala mchana, mama akiona. Anione tu.

Jumamosi, 10 Agosti
Msimamizi amejibu: nijiandae kutetea tasnifu. Nimemwambia mama. Akasema sawa, akaendelea kuchambua mbegu.

Jumapili, 11 Agosti
Foleni ya salamu. "Bado unasoma tu?" Bado. Mikono ile ile. Mama alitangulia kutoka, nikamkuta katikati ya foleni. Nikadhani atanipungia tu nipite, mtoto wa nyumbani. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole na kazi," akasema.

Nimesimama pale kidogo. Walio nyuma yangu wakangoja.