Mlango wa kushoto wa gari la mjane

Swahiba uko? Huyu mwanangu fundi bodi katutia aibu leo.

Unalikumbuka lile gari la kifahari la zamani la yule mama mjane? Bodi yake yote marehemu mumewe aliigonga mwenyewe kwa nyundo, bati kwa bati. Basi kijana kalifufua, linang'aa kama kioo. Mama kaja na dereva wake kulichukua.

Mama akafungua mlango wa mbele wa kushoto aingie. Goti likagonga. Akajaribu tena, likagonga!

Mwanangu anachekelea, "Mama, milango ilikuwa hailingani. Huu ulikuwa mpana mno, nimeupunguza."

Ati kaupunguza! Bila kuuliza mtu!

Mama akasema, "Mume wangu aliupanua makusudi. Mguu wangu haukunjiki."

Haukunjiki, swahiba!

Kijana akaushika mlango. "Nitaurudisha, mama."

"Upana utaurudisha, baba. Mkono wa marehemu utautoa wapi?"

Kisha akamwambia dereva, tena kwa upole, "Nifungulie nyuma. Leo nitakaa kama mgeni."

Gari la mumewe hilo, swahiba. Kama mgeni.