Chumba cha Baba

Ingabire,

Maharagwe yanachemka kwenye imbabura ya makaa, uyaongeze maji. Nimepanda Mudende kwa baba yako mdogo, nitarudi na viazi.

~~Nikirudi nikute umetoa kompyuta zako za kusomea picha za hospitali chumbani kwa marehemu baba yako.~~ Hapana. Usizitoe.

Asubuhi nilifungua pazia lake, kama kila siku tangu tumzike, ukanifokea: "Mama, funga! Kukiwa na mwanga sioni picha vizuri." Niliumia. Nikasimama mlangoni nikuambie kwamba humo si ndani ya sinema. Ndipo nikakusikia kwenye simu, unaongea na hospitali ya mbali: "Docteur, mugonjwa wako iko na hewa inje ya pafu. Musingoje, mumuwekee mupira wa kutoa hewa kwa kifua sasa hivi." Kisha docteur akapiga tena, sauti yake ikanifikia hadi mlangoni: "Sasa anapumua muzuri."

Baba yako alipougua, picha yake ilingoja msomaji siku nne. Ya huyu uliisoma hata chai yako haijapoa. Nilienda kulia jikoni, mwanangu, kwa kukuona ulivyo.

Makoti ya baba yako nimeyatoa kabatini, baba yako mdogo atayavaa, kule baridi ni kali. Kabati ni lako sasa. Pazia sitalifungua tena.

Mama