Anayejua Zaidi Afute

Kaka yangu Severini,

Ninakuandikia nikiwa na hasira, na usishangae, maana hata ulipokuwa hai hukuwahi kupata barua yangu isiyokuwa na hasira. Ulikuwa unazisoma kwa sauti mbele ya rafiki zako huku mkicheka. Hii usiicheke.

Juzi mwanao Veronika alinitembelea. Ni mwalimu wa sekondari siku hizi, na amerithi paji lako la uso na ubishi wako wote. Nilikuwa jikoni nachambua mchele, akavuta kigoda, akanionyesha kwenye simu kitu ambacho wanafunzi wake wananakili bila aibu. Ni ensaiklopidia, maarifa ya dunia nzima yamewekwa mtandaoni, na mtu yeyote anaruhusiwa kuandika humo. Akija mwingine akaona kosa, anafuta na kuweka lililo sahihi. Nilimwuliza nani aliyebuni upuuzi huo. Akasema ni watu wa ng'ambo. Nikamwambia hapana, ni baba yako.

Akadhani natania. Hakuukuta ubao wako, maana ulipokufa alikuwa bado ananyonya. Kwa hiyo hapa nitaeleza mambo unayoyajua, kwa sababu barua hii ataisoma na yeye.

Uliokota mabaki ya mbao kwa seremala, ukayapigilia ukutani mwa kibanda chako cha kutengenezea baiskeli, barabara ya kwenda kivukoni. Ukapasua betri kuukuu za redio, ukatwanga ule unga mweusi, ukapaka ubao mzima kwa mikono yako. Wiki nzima mama alikukataza kushika sahani zake. Chaki hukununua. Uliweka kikopo cha vipande vya muhogo mkavu, na watoto walikuwa wakivitafuna. Juu kabisa ukaandika kwa rangi ya mafuta: ANAYEJUA AANDIKE. ANAYEJUA ZAIDI AFUTE.

Sikatai kwamba uliifaa Ifakara. Miaka ile ya tisini simu ilikuwa ya wakubwa, na msimu wa mpunga nusu ya mji ilihamia mashambani huko bondeni, watu wanalala kwenye madungu kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Aliyetoka shambani aliandika, anayekwenda alisoma. Bei ya mpunga Kiberege. Treni ya Mlimba imekwama. Tembo wamepita upande fulani. Fulani amefiwa. Mke wa fundi cherehani aliposhikwa na uchungu Lukandu, huko huko bondeni, mtu aliandika ubaoni na mkunga akawahi. Siku ile ulitembea mtaani umejaa kifua kama wewe ndiye uliyezaa.

Nilikuuliza mapema, kaka. Ulikuwa umepindua baiskeli ya mtu, magurudumu juu, unasaka pancha kwenye beseni la maji. Nikasema, "Na asiyejua kitu lakini anapenda kuandika?"

"Atafutwa."

"Na nani?"

"Na anayejua. Leokadia, mtu mmoja anaweza kukosea. Watu wote wanaopita barabara hii hawawezi kukosea pamoja."

Ulisema hivyo huku mapovu yakitoka kwenye tyubu, umefurahi umeipata pancha. Nilikuona mjinga wa kupendeza. Leo nakuona mjinga tu, na nisamehe kama inauma, lakini mimi imeniuma muda mrefu zaidi.

Mwaka ule wa Elinino mama alihamia Lukandu mapema, akakataa kushauriwa na mtu. Mvua ikanyesha kama haina kwao. Tukapata habari kuwa mama ameshikwa na homa kali. Ulinunua vidonge, ukavifunga kwenye mfuko wa nailoni, ukavaa lile koti lako la mvua lenye kiraka. Mimi nilisimama mlangoni nikakwambia usubiri kwanza, tumpate mtu aliyetoka Lukandu leo hii, tumuulize kwa mdomo maji yamefika wapi.

Ukasema ubao umeandikwa njia ya Lukandu inapitika.

"Nani kaandika?"

"Mzee Anthoni. Mwandiko wake ule."

"Lini?"

Hukujua. Ukaanza kufunga kamba za viatu. Halafu ukasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Kaandika siku nyingi kidogo, lakini watu wamepita hapo tangu asubuhi na hakuna aliyefuta. Ingekuwa uongo wangeshafuta."

Ukaenda. Wavuvi walikukuta kwenye matete, chini kabisa ya pale njia inapokata mkondo. Vidonge vilikuwa vikavu ndani ya nailoni yake. Mama alikuwa ameshapata nafuu kwa dawa ya jirani wa shamba.

Sasa sikiliza hili, maana uliondoka bila kulijua. Matangani alikuja Damiani, yule kijana aliyeoa kwa Mzee Anthoni. Alikaa mbali na wanaume wenzake, hali chakula. Nilipompelekea maji akaniambia bila kuniangalia, "Dada, mimi asubuhi ile nilitoka Lukandu. Maji yalinifika hapa." Akagusa shingo.

"Ukapita ubaoni?"

"Nilipita."

"Ukasoma?"

"Nilisoma."

"Sasa kwa nini hukufuta?"

Akazungusha kile kikombe mikononi. "Ule ni mwandiko wa baba mkwe, dada. Na mwenyewe alikuwa amekaa pale kibandani, anangoja baiskeli yake. Nimfute mbele za watu? Nilimpa shikamoo nikapita."

Nilitaka kumpiga. Sikumpiga, kwa sababu nilijua anasema kweli, na nilijua kila mwanamume aliyekaa kwenye yale majamvi angefanya vilevile. Hapa kwetu mkwe huli naye sahani moja, hupiti mbele yake, hutaji jina lake ovyo. Utachukuaje kitambaa ufute maneno yake barabarani? Mzee Anthoni naye hakuwa mwongo. Alipita njia ile ikiwa kavu, akaandika alichokiona, akasahau. Alilia kwenye kaburi lako kuliko sisi ndugu.

Hicho ndicho ulichokosa kukiona wewe na akili yako yote ya pancha. Ulidhani mlango ukiwa wazi kila mtu ataingia. Uliwapa watu wote ruhusa ya kuandika, na kweli wote waliandika. Lakini kufuta ni kazi nyingine kabisa, inataka mtu asiyeogopa mtu, na watu wa namna hiyo mtaani kwetu hawakuwepo. Ubao ulipokaa kimya wewe ulisoma ukweli. Ilikuwa ni adabu tu.

Siku ya kuanua matanga niliubandua kwa shoka. Tuliupikia wali wa wageni. Ule weusi wa betri ulitoa moshi mbaya, watu wakakohoa, hakuna aliyenikataza.

Nilidhani yamekwisha. Ndiyo maana juzi jikoni nilimpa Veronika mtihani. Nikamwambia, nitafutie Lukandu humo kwenye ensaiklopidia yako. Akabonyeza, ikaja. Kaukurasa kadogo, mistari michache, mpunga, samaki, kanisa. Na mstari wa mwisho unasema: Kijiji kinafikika kwa miguu mwaka mzima.

Mwaka mzima, Severini.

Nikamwuliza mwanao nani kaandika. Akasema hajulikani, hakuna jina, kuna tarakimu tu. Nikamwuliza sasa wewe mwalimu mzima unajuaje kama ni kweli. Akanijibu kwa upole, mwanao ni mpole kuliko wewe, "Shangazi, ipo hapo muda mrefu. Ingekuwa uongo wangeshafuta."

Mchele ulinimwagika. Hakukusikia ukisema maneno hayo, hajui hata sauti yako, na ameyatoa kama yalivyo. Nilitoka nje nikasimama uani. Niliporudi nikamweleza yote, kiatu, koti, nailoni, Damiani na kikombe chake. Alilia. Halafu, kwa kuwa ni damu yako, akafuta machozi akasema, "Basi tusahihishe, shangazi. Bonyeza hapa."

Niliandika kwa kidole changu hiki chenye sugu. Niliandika kwamba si kweli, kwamba masika njia hiyo hujaa maji hadi shingoni na kwamba kaka yangu alizama hapo akimpelekea mama yetu dawa. Veronika akaniwekea nukta na mikato.

Kesho yake yamefutwa. Mstari wa zamani umerudi, umekaa palepale. Kuna mtu huko, nisiyemjua na asiyewahi kukanyaga Lukandu, ameacha maelezo mafupi: hakuna chanzo. Veronika akanifafanulia kwamba wanataka kitabu au gazeti. Gazeti gani lilikuja kwenye msiba wako? Hukuandikwa popote isipokuwa kwenye msalaba, na msalaba nao mchwa walishaula, tukaweka wa saruji.

Nikauliza, na ule mstari wa mwaka mzima, chanzo chake kiko wapi? Mwanao akautazama tena. Akasema hauna. Hakuna aliyewahi kuuuliza. "Huo mstari ulitangulia kufika, shangazi, ndiyo maana." Kumbe hata huko kwenye mitambo yao wana wakwe.

Kwa hiyo usiniulize kama nakiamini kitu hicho. Sikiamini. Sikuuamini ubao wako pia, nikakuacha ufunge viatu, kwa sababu wewe ni kaka mkubwa na mimi nilikuwa na adabu.

Veronika amenifungulia akaunti, na sharti nililomwekea ni kwamba jina langu liandikwe lote. Leo asubuhi nimeingia mwenyewe. Sikuandika neno hata moja. Nimeufuta tu ule mstari, nikabakiza mpunga, samaki na kanisa. Wakiurudisha nitaufuta, na wakiurudisha tena nitaufuta tena, na nikichoka mwanao amekubali kuendelea.

Lala, kaka. Mama alifika umri mkubwa na hakuwahi kula samaki wa mkondo ule tena.

Ni mimi mdogo wako Leokadia, ambaye hajamwogopa mkwe yeyote tangu siku tuliyokuzika.