Nilimwambia Ni Nzuri

Dada yangu mpendwa,

Kabla hata ya salamu, acha nilitoe hili, maana nikianza kukuuliza habari nitaliogopa tena: nimemfelisha mtu, na hakuna anayejua ila mimi.

Sasa shikamoo, dada. U mzima? Kifua kimepona? Shemeji hajambo? Sisi huku wazima. Mama bado anafanya usafi wodi ya watoto. Magoti yanamsumbua, ila ukimwambia apumzike anakuuliza kama wewe ndiye utakayeshika ufagio.

Nilikuandikia kwamba nimepata kazi kwenye chumba cha insha pale chuoni, huku nikisubiri matokeo yangu. Kina meza nne na feni iliyokufa. Wanafunzi wanaoshindwa kuandika huja, wanasoma insha zao kwa sauti, nasi tunasikiliza. Mzee anayetusimamia, wanamwita Miwani, alinifundisha kazi kwa maneno machache: mwambie mwanafunzi kitu kimoja ulichokipenda kweli, kisha kimoja cha kutengeneza. Usiruke hata kimoja.

Siku moja akaja mama mmoja anayefanya kazi wodi moja na mama. Wanamwita Mama Pacha. Akitoka zamu anasomea uuguzi, na insha ilikuwa imeshamwangusha mara mbili. Alishika kalamu kama aliyeshika nyoka mkia, akasema insha humkimbia kama kuku aliyeona kisu. Nikacheka, kisha nikaona haya kucheka mbele ya mtu mzima.

Swali lilimtaka aeleze kwa nini kina mama wengine hawarudi kliniki baada ya chanjo ya kwanza. Yeye akaandika jinsi alivyowapeleka pacha wake siku ya mvua, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Dada, ilikuwa tamu, nilitokwa na machozi. Lakini yeye alirudi kliniki. Wale wasiorudi hawakuwamo hata kwa mstari mmoja.

Niliona siku ile ile. Nikafungua mdomo. Ila nilikuwa nimetoka kumwamkia, hata dakika kumi hazijapita. Ningeanzaje kumwambia mtu wa rika la mama kwamba hakujibu swali? Nikasema, “Ni nzuri sana, mama.” Kitu cha pili nikakimeza.

Kwa jumla akaja mara tano. Kila mara alisimulia yake bila kujibu swali, nami nzuri, nzuri. Akawa anaingia akiimba, anawatania vijana wa meza ya pili wakae sawa, mwandishi amefika. Mimi akaniita mwalimu wangu. Miwani naye akanisifu kwamba tangu nije, yule mama haiogopi tena kalamu.

Juma lililopita matokeo ya mtihani wake wa insha yakatoka. Amefeli. Na alikuja kunipa pole mimi! Akanishika mkono, akasema, “Usijilaumu, mwanangu. Wewe umefundisha, kichwa changu ndicho jiwe.” Nikamwambia kuna mtihani wa marudio, mwisho wa kujiandikisha ni Ijumaa. Akakataa. Alisema zamani akifeli alijua ameandika ovyo, kwa hiyo alikuwa na pa kurekebisha. Sasa ameandika vizuri na bado amefeli, basi uuguzi si wake. Akaacha daftari lake mezani, akaenda.

Nimekuwa nikijiambia kwamba ni heshima iliyonifunga mdomo. Siku ya kwanza, ndiyo. Zile nyingine nne, hapana. Nilinyamaza kwa sababu nilipenda kuitwa mwalimu. Mimi, ambaye darasani sikuwahi kunyoosha mkono! Niliogopa nikisema ukweli hataniita tena.

Leo ni Jumatano. Kesho nitamngoja langoni mwa hospitali na daftari lake. Nitakachosema nimekiandika kwenye karatasi, maana sijiamini: nilijua tangu siku ya kwanza, insha yako haikujibu swali, na kurekebisha kunawezekana. Barua hii itakapokufikia nitakuwa nimesema, au nitakuwa nimerudi nyumbani na karatasi yangu mfukoni.

Nisalimie shemeji, na mtoto mbusu mashavu yote mawili. Lakini tafadhali, dada, ukipiga simu usimwambie mama hata neno. Yeye na Mama Pacha wanashinda pamoja wodini, na mama hawezi kukaa na jambo. Siombi unifiche. Naomba Mama Pacha alisikie kwangu, kwa mdomo ule ule uliomwambia ni nzuri.

Ni mimi mdogo wako,
kitindamimba wenu