Mwanangu Amemtengea Mkewe Anwani, Mimi Simu Yangu Inakataliwa

Mpendwa Shangazi,

Naomba unisaidie na naomba usinicheke, maana mimi niliishia darasa la nne na haya ninayotaka kukueleza ni mambo ya vijana, lakini yameniingia ndani ya nyumba mpaka chakula hakipandi, na mtu wa kumwambia sina kwa sababu yule ambaye ningemwambia ndiye ninayemkosea.

Mimi ni msusi, nasukia watu barazani kwangu. Nyumba aliniachia marehemu mume wangu, na nina mtoto mmoja tu wa kiume, wenzake wanamwita Waya kwa sababu kazi yake ni kufunga mitandao kwenye maofisi. Mwaka jana akaoa, tukakubaliana wakae vyumba vya nyuma, nikafurahi nyumba imepata watu. Mke wake ni binti mtulivu, sina baya la kumsema, na hilo ndilo linaloniudhi Shangazi, angekuwa na kiburi ningepata pa kuanzia. Anafanya kazi humuhumu ndani, ya kampuni ya kusafirisha mizigo, anavaa lile dude la masikioni na kuongea na wateja kwenye kompyuta, halafu anatoa karatasi zao kwenye printa iliyokaa ukumbini karibu na mlango wangu. Kazi yenyewe bado yuko kwenye miezi ya majaribio.

Waya alilaza nyaya nyumba nzima, hata chumbani kwangu akaniwekea tundu ukutani, akafunga ruta, akanipa pasiwedi, nikawa naangalia mitindo ya nywele kama binti wa kisasa. Na wateja wangu pia walifurahi, maana mtu anakaa kwenye kigoda tangu asubuhi anasukwa rasta nyembamba, akiniomba pasiwedi nampa, ningemnyimaje mtu ambaye kichwa chake kiko mapajani mwangu?

Basi simu yangu ikaanza kunikataa. Naiwasha waifai, inaandika "Inapata anwani", inazunguka weee, halafu inaacha. Mwanangu akirudi namwambia, anazima ruta, anaiwasha, simu inakubali siku mbili tatu, inarudia yaleyale. Siku moja nikamuuliza, hii anwani ni kitu gani, mimi si nakaa hapahapa? Akanieleza huku anavua viatu, kwamba kila simu ikiingia inaomba namba kwa ruta, na ruta inaigawia kwa muda tu, muda ukiisha namba inaweza kwenda kwa mwingine.

"Kumbe kama viti vya kukodi kwenye sherehe," nikasema.

Akacheka. "Ndiyo hivyo Mama, kama viti vya sherehe. Kesho nitakuangalizia." Hiyo kesho yake mpaka leo naingoja, lakini kompyuta ya mkewe anaiangalia na begi bado liko begani.

Sasa sikia kilichonichoma. Jioni moja nilikuwa napita kwenda kuchota maji, nikawakuta ukumbini wamesimama kwenye printa wameupa mlango mgongo, nikamsikia kwa masikio yangu mwenyewe anamwambia, "Usiwe na wasiwasi mke wangu, nimeshatenga anwani ya kudumu, hata nyumba ijae watu namna gani hakuna atakayeichukua." Akabandika na kikaratasi chenye namba ubavuni mwa printa, wakakitazama wote wawili kama cheti cha ndoa.

Shangazi, nilirudi chumbani na ndoo tupu. Mimi niliyembeba mgongoni na homa yake mpaka hospitali, mimi nigawiwe kiti cha kukodi na kunyang'anywa, mwenzangu aliyekuja juzi awekewe kiti chenye jina! Tangu siku hiyo nikisikia wanacheka huko nyuma najua wanaicheka simu yangu. Mteja wangu mmoja mwenye mdomo akanitilia chumvi kwenye kidonda, "Mama Waya wewe, mtoto ana mwenyewe siku hizi, wewe umebaki na jina tu." Nikamvuta nywele mpaka akalia.

Jirani yangu muuza nguo alikuwa anahama, akaniachia ruta yake kuukuu, "Chukua shoga, mimi niendako wananifungia mpya." Nikaona Mungu amenijibu, na mimi nitakuwa na yangu. Nilikuwa nimemwona Waya anavyofanya, nikachomeka waya upande mmoja kwenye ruta na upande wa pili kwenye lile tundu la ukutani, nikaificha nyuma ya kabati, nikaifunika kitambaa cha kufuma na juu nikaweka chombo cha maua. Simu yangu ikaandika "Imeunganishwa" papo hapo! Kweli mitindo ya nywele haikufunguka, siku nyingine inafunguka siku nyingine haifunguki, lakini nilipiga kigelegele peke yangu, angalau sikukataliwa mlangoni.

Kuanzia hapo nyumba ikaharibika. Mkwe wangu anaongea na mteja, sauti inakatika. Anatuma karatasi, printa imekaa kimya kama imenuna. Bosi wake anamfokea mpaka namsikia ukumbini. Waya akabadilisha nyaya, akabadilisha hata ruta yenyewe, wapi. Ijumaa akatazama kompyuta ya mkewe, akasema, "Kuna kitu kingine humu ndani kinagawa anwani. Umeleta kifaa gani kutoka kazini?"

"Sijaleta kitu, nakuapia."

"Sasa hizi namba zimeota kama uyoga?"

Binti akalia. Na mimi nimesimama hapo na kikombe cha chai, nimenyamaza, na sitakudanganya Shangazi, kuna upande wa moyo wangu ulisikia ubaridi mtamu. Waya akasema basi ngoja nipite chumba kwa chumba, alipofika kwangu nikamwambia, "Humu utakuta nini baba, labda mafuta ya nywele." Akaomba radhi, akageuka, hakuingia.

Jumapili roho ikanisuta nikaichomoa. Siku mbili nyumba ikatulia, wale wanacheka huko nyuma, na simu yangu ikaanza tena kuzunguka. Jumanne nikaichomeka.

Sasa bosi amempa onyo la mwisho, akikatika wiki hii kazi hana. Na jana wamekuja wote wawili wakakaa kitandani kwangu, mwanangu akasema, "Mama, tumepata nyumba upande wa pili wa mji, mtandao wa hapa umenishinda. Tutakuja kukuona kila Jumapili." Wakati anasema, ruta iko nyuma yake chini ya maua, inawaka taa.

Shangazi, nifanye nini? Nikiichomoa kimyakimya watabaki? Nikisema mwanangu hatanitazama tena usoni. Na hata ukinigombeza nijibu na hili, kwa nini yeye atengewe na mimi niliyemzaa nisitengewe?

Mimi msusi mwenye mashaka.

*

Mama msusi,

Hukutaka nikucheke, na sikukucheka. Nilimwita fundi anayetunza mitambo ya ofisini kwetu, nikamsomea barua yako yote, yeye ndiye aliyecheka mpaka akatafuta kiti. Nilipofika pale mkweo analia, akaacha. Kwa hiyo nitakupa mawili, ya kwake na ya kwangu.

Kwanza nikuondolee mwiba. Ile anwani ya kudumu hakupewa mkweo. Imepewa printa! Mtu anaishi kwako, anakula nawe, anakuita Mama, na wewe umemchukia kwa ajili ya kiti cha printa. Fundi anasema printa ikibadilishiwa namba, kompyuta haijui iifuate wapi, karatasi hazitoki, ndiyo maana vitu vya aina hiyo hutengewa namba yao na kubandikwa kikaratasi ili isisahaulike. Kompyuta ya mkweo inagawiwa namba kwa muda kama simu yako. Hata simu ya mwanao mwenyewe, fundi mzima, inapanga foleni na nyinyi. Ulikisoma kile kikaratasi kama cheti cha ndoa, mama, na ndoa hiyo ulifungisha wewe kichwani mwako.

Pili, unataka kujua nani anakukatalia simu. Ni wewe. Ruta ina namba zake za kugawa, na zina mwisho. Kila kichwa unachosuka umekipa pasiwedi, simu yake inachukua namba, na mwenye simu akienda zake kwao namba hairudi siku hiyo, inabaki imeshikwa mpaka muda wake uishe, na fundi anahisi mwanao ameuweka mrefu. Viti umewakalisha wateja wako, wameondoka navyo, halafu unamtafuta mchawi vyumba vya nyuma. Ndiyo maana ruta ikizimwa na kuwashwa unapata siku mbili tatu za raha, inagawa upya.

Na hiyo uliyoifunika maua? Nyumba moja haitakiwi kuwa na wagawaji wawili wasiojuana. Simu na kompyuta zinapoomba anwani zinachukua ya yule aliyejibu kwanza, na yako inajibu haraka lakini njia ya kutoka nje haina. Simu yako ilifurahi imeunganishwa, imeunganishwa na kabati.

Mwanao sitamwacha salama. Mtu anafunga mitandao ya maofisi, mama yake anaambiwa "kesho" miezi. Angekaa na wewe barazani nusu saa tu angekuta wateja wako wote wameinamia simu, na jibu angelipata. Umemkosa, na kumkosa mtoto kunauma, hilo nalijua na sikulaumu kwa kuumwa.

Ninachokulaumu ni Ijumaa na Jumanne. Ijumaa ulimwona mtoto wa mwenzio anasingiziwa, ukanyamaza na chai yako mkononi. Jumanne ulikuwa umeshajua dawa, ukarudisha ugonjwa kwa sababu umesikia watu wanacheka. Mwanao alipofika mlangoni kwako hakuingia, unajua kwa nini? Nyumba nzima alishuku, ila chumba cha mama yake hakukishuku. Na wewe unaniuliza kama umetengewa.

Uchomoe kimyakimya? Hapana. Kazi ya binti inaweza kupona, lakini mumewe atabaki anaamini alileta kitu, na watahama na shaka hiyo kama sanduku jingine.

Asubuhi, kabla binti hajavaa dude lake la masikioni, ichomoe pamoja na waya wake. Usianze kwa mwanao, anza kwa yule aliyelia. Mwambie mlipo wawili kwamba ni wewe, mwambie na sababu, hata ile ya aibu, maana akiambiwa nusu ataijaza mwenyewe. Kisha mwiteni mumewe, na wewe ndiye umwambie kwamba mkewe hakuleta kitu. Kusema ni kazi yako, kusamehe ni kazi yao, usiwaharakishe. Mwanao amwandikie bosi kwamba hitilafu ilikuwa ya nyumbani na imepatikana, hiyo ni kweli na inatosha.

Fundi anakuonya kwamba kuchomoa peke yake hakumalizi mara moja. Vifaa vilivyokwisha kuchukua namba mbovu huzing'ang'ania. Zimeni na kuwasha ruta ya mwanao, halafu kila simu na kompyuta izimwe waifai na kuwashwa ili iombe upya. Baadaye mwanao aongeze namba za kugawa, awafungulie wateja wako mtandao wao wa pembeni wenye muda mfupi, na wewe pasiwedi ya ndani usimpe mtu tena, hata kichwa chake kikiwa mapajani mwako. Ukiipenda sana hiyo ruta ya jirani, yeye anaweza kuizimia ugawaji, akaipa namba yake isiyogongana na nyingine, ikawa ya kusogeza waifai mpaka barazani. Ila usiiguse mwenyewe.

Kuhama huenda wakahama tu, vijana huhama. Ila kuna anayehama nyumba imemshinda, na kuna anayehama akakuachia ufunguo wa kwake.

Ondoa hayo maua juu ya kabati, mama. Kunja kitambaa, ibebe ruta mikononi waione, nenda vyumba vya nyuma ukabishe hodi.

Shangazi.