Shuka la Zahanati

Somo, weka chini hicho kisu cha mboga usome hili. Mbavu zangu!

Yule bwana anayetaka kupitisha mbio za magari kijijini kwetu karudi leo kwenye mkutano wa kijiji, na suti yake nyeupe. Wifi yangu akamwambia, "Baba, mimi nafulia zahanati. Mashuka ninayoanika kwenye kamba hapa kando ya barabara yakichafuka, kazi yangu imekwisha."

Bwana akacheka. "Mama, ni vumbi kidogo tu. Ngoja gari moja lipite, mjionee."

Likapita, somo. Likapita kama limeibiwa, vumbi likatanda!

Na bwana je? Alirukia kambani, akavuta shuka la zahanati, akajifunika gubigubi. Gubigubi, somo! Mbele ya kijiji kizima!

Wifi, unaujua ulimi wake, akainamia lile shuka. "Baba, umelala? Si ulisema ni vumbi kidogo?"

Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyekuwa akimpigia debe. Tulipoulizwa nani anazitaka mbio, hata yeye hakunyoosha mkono.

Wifi kafua mashuka yote upya, isipokuwa hilo moja. Kalitundika mlangoni kwa mwenyekiti, na alama ya vumbi ya uso wa bwana katikati.

Sasa mwenyekiti anaingia kwake kwa kuinama.