Ndiyo Yangu kwa Bwana Mkaguzi

Kasongo. Jumatatu, 5 Mei 1958

Asubuhi shule. Mchana duka la Baba, kupima mchele, kukunja vitambaa, kumfukuza mbuzi wa jirani mlangoni. Baada ya magharibi nafungua sarufi ya Kifaransa. Kila siku hivyo.

Leo Direkta, Mzungu mkuu wa shule yetu, ametangaza jambo. Mkaguzi wa kizungu atatoka Bukavu kuchagua mwanafunzi mmoja wa darasa letu la mwisho. Mmoja tu. Atapelekwa chuo kikuu kule Léopoldville kusoma lugha: Kifaransa chenyewe, Kiingereza, Kijerumani. Kwanza mtihani wa kuandika, kesho yake maswali ya mdomo.

Naitaka nafasi hiyo. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu.

Alhamisi, 8 Mei

Nilimwambia Mama, Mama akamwambia Baba. Ndivyo mambo yangu yanavyopita katika nyumba hii.

Baba alinikuta napanga sabuni. Hakufoka. "Bazungu banakufundisha kusema," alisema. "Kusema na nani? Na miye babako hausemi."

Kisha akatoa neno lake. Mzungu akinichagua, hatanizuia. Asiponichagua, shule ikifungwa tu naenda Kabambare, dukani kwa mdogo wake, Ba Mudogo Sumaili, ambaye hana mtoto wa kiume. Mke watanitafutia huko huko.

Nilifika Kabambare mara moja, nikiwa na miaka kumi na mbili. Barabara moja, ofisi ya Serikali, maduka machache, mwisho. Mgeni anajulikana ni mtoto wa nani kabla hajashuka kwenye kamyo, lori la mizigo na abiria.

Jumapili, 11 Mei

Gaspari wa darasani alikuja kutoka misa. Kabila lake ni Mbangubangu, wazazi wake wanalima mchele, yeye anakaa hapa kwa mjomba wake apate kusoma. Naye anaitaka nafasi. Kifaransa chake kimejaa makosa lakini kinatiririka. Changu hakina kosa, na hakitoki.

"Weye Ramazani," alisema, "Kifaransa yako iko mu kalamu. Mu kinywa iko bubu."

Nilicheka. Nilimchukia kidogo. Sina rafiki mwingine.

Tulijizoeza barazani. Alivaa kofia ya Baba, akawa mkaguzi. Jina lako? Unapenda lugha? Umeiba kuku wangapi? Nilipojibu kwa kunong'ona alijifanya kiziwi, akaweka mkono sikioni, mpaka Mama akacheka ndani ya nyumba. "Umutazame mu macho," aliniambia. "Ujibu kwa nguvu. Muzungu hapendi mutu wa kujificha." Baba alipotokea alivua kofia haraka na kumwamkia kwa heshima kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Jumanne, 13 Mei

Mtihani wa kuandika. Imla, tafsiri, sarufi, insha. Nilimaliza wa kwanza nikasoma tena mara mbili. Direkta alisimama nyuma yangu muda mrefu. Aliguna. Najua guno lake la kuridhika.

Kesho mdomo.

Jumatano, 14 Mei

Nimesema. Kwa sauti! Mimi!

Mkaguzi ni mrefu, ndevu nyekundu, kitambaa cha jasho hakimtoki mkononi. Aliuliza jina, umri, kazi ya Baba. Nilijibu sentensi nzima nzima. Akasoma karatasi zangu, akasema vizuri sana. Halafu akaingia mambo ya nyumbani. Nayaandika kwa lugha yetu, nisiyasahau.

Huogopi kuishi mbali na wazazi?

Oui, monsieur.

Dini yako haitakuletea shida kula mezani na wenzako?

Oui, monsieur.

Na kwenu hawajakuchumbia mke?

Oui, monsieur.

Kila ndiyo niliizidishia nguvu, macho kwa macho, kama Gaspari alivyonifundisha. Aliinua nyusi. Aliandika. Mwisho alinipa mkono akasema mimi ni kijana mkweli, na ukweli ni jambo adimu.

Mama amepika kuku. Baba amekula bila neno, lakini amekula.

Jumatatu, 19 Mei

Hakuna habari. Nimeanza kuangalia duka kama mtu anayeliaga. Hata harufu ya mafuta ya mawese inapendeza ukijua utaiacha. Naona haya kuandika hivi. Si vizuri kujisifu kabla.

Jumamosi, 24 Mei

Gaspari.

Direkta alisoma jina mbele ya darasa. Gaspari aliruka juu, akaniona, akaacha kuruka. Hapo ndipo palipouma.

Wengine walipotoka Direkta alinishika bega. Maandishi yako ni ya kwanza, alisema, tena kwa mbali. Lakini ulimwambia mkaguzi mwenyewe kwamba unaogopa kutoka kwenu, kwamba chakula kitakuwa shida, kwamba una mchumba. Anakusifu kwa kusema kweli. Si aibu kuogopa, Ramazani.

Sikusema hivyo. Nilisema kinyume chake, mara tatu!

Mkaguzi ni mwongo. Amenikataa kwa sababu mimi ni Mwislamu na ameona haya kuandika. Hilo ndilo ninaloamini usiku huu.

Baba hakunisimanga. Alimpa dereva wa kamyo ujumbe wa Kabambare.

Jumatatu, 26 Mei

Si mwongo.

Saa ya jua kali aliingia mama Zaina, jirani yetu, na kibakuli chake. Aliangalia rafu.

"Chumvi hakuna?"

"Ndiyo, mama."

"Ah. Nitarudia kesho." Akaenda zake.

Nami nikabaki na mkono juu ya mzani.

Ndiyo. Ndiyo, hakuna. Kwetu ukikubali, unalikubali neno la aliyeuliza kama lilivyo, pamoja na hapana yake. Huogopi? Ndiyo, siogopi. Mtoto wa miaka mitatu anajua. Lakini Mzungu hasikii hivyo. Akiuliza huogopi, nawe ukasema oui, amesikia: naogopa. Kumwambia siogopi ningesema non, hapana yao. Na kama ningetaka kukiri kweli naogopa, wana neno lake maalumu: si.

Nalijua! Limo katika sarufi, ukurasa umechakaa kwa vidole vyangu. Lilikuwamo hata katika mtihani wa Jumanne, na nililiandika sawasawa. Lakini kwao "si" ni kukubali, na kwetu "si" ni kukana. Kalamu inavuka. Kinywa kinabaki Kasongo.

Mara tatu. Kwa nguvu. Macho kwa macho.

Nilifunga duka kabla ya wakati. Mama alidhani ni homa.

Jumatano, 28 Mei

Nimekwenda kwa Direkta. Nilisimama mlangoni mpaka akaniita ndani. Nilimweleza kwa Kifaransa, polepole, nimeshika kingo za meza. Kwamba nilikataa, naye alisikia nakubali. Kwamba siogopi, sina mchumba, ninakula na mtu yeyote.

Si mtu mbaya. Alisikiliza, akakunja uso, kisha akauliza:

Kwa hiyo hukuyaelewa maswali?

Hilo hapo tena. Nikisema oui, je, ni oui yao au yetu? Nikisema non, nimesema sikuelewa. Lile "si" ndilo neno lenyewe, nililiona mbele yangu kama limeandikwa ubaoni, na ulimi haukulishika. Nilisikia nzi dirishani.

Sikujibu kitu.

Akanipigapiga begani. Akaacha Kifaransa, akasema nami kwa Kiswahili, kama anavyosema na mtumishi wake: "Rudia nyumba, Ramazani. Barua iliisha kwenda Bukavu. Nafasi iko moja."

Labda ingekuwa bure hata ningejibu. Labda siyo. Katikati ya maneno hayo mawili ndipo ninapoishi sasa.

Ijumaa, 6 Juni

Baba ameninunulia sanduku la bati. Anafikiri limenifurahisha. Amebisha juu yake kwa ngumi kuonyesha ni imara.

Nilijaribu kumwambia habari ya oui. Nilifika katikati. Akasema: "Basi ulimujibu vizuri, mwanangu. Ni yeye hakusikia." Kisha akageuka kuhudumia mteja. Ni maneno mazuri kuliko yote aliyowahi kunipa, na hayanisaidii kitu.

Jumamosi, 21 Juni

Gaspari ameondoka na kamyo ya Kindu, amevaa suruali ndefu ya mjomba wake. Mama yake alikuja kwa miguu kumuaga, amemfungia mchele na samaki mkavu. Sikumwambia Gaspari jinsi nafasi ilivyomfikia. Angesema ataiacha. Hangeiacha. Na mimi ningejua.

Juu ya mizigo aliinama, akanishika mkono.

"Hauna hasira na miye, ndugu yangu?"

"Ndiyo," nikasema.

Alicheka kwa furaha. Tunasikilizana, yeye na mimi. Nilimdanganya.

Kabambare. Alhamisi, 26 Juni

Kamyo iliharibika njiani mara mbili. Nimefika mweupe kwa vumbi. Wanawake kisimani walisema jina la Baba kabla sijashusha sanduku.

Chumba changu ni ghala. Magunia ya chumvi upande mmoja, kitanda upande wa pili. Dirisha hakuna.

Jumamosi, 5 Julai

Idi imepita. Ba Mudogo Sumaili ni mpole, ananiita Mwalimu mbele ya wateja. Mke wake alinipa mguu wa mbuzi peke yangu, nikala wote mbele yake kwa sababu alikuwa anaangalia. Anasema nitazoea. Ametaja msichana mmoja, mara mbili.

Leo niliuza mafuta ya taa, kaniki, sindano. Nilimsomea mzee karatasi yake ya kodi, akanishukuru.

Siku nzima sikusema neno hata moja la Kifaransa. Hakuna aliyeuliza.